Chumvi haifanyi damu ya Mama iwe nzito, lakini inachokoza zile chembe za kugandisha

Kijana mmoja anayefanya kazi Kisumu, anakaa Nyalenda, ameniuliza swali na nimeona nimjibu kwa urefu manake hofu yake naisikia karibu kila wiki. Kwa ufupi anasema hivi: mamake ana miaka 61, anaishi Bondo na mke wa ndugu yake na wajukuu wawili, presha imepimwa mara mbili ikatoka 168/102 halafu 164/98, akapewa amlodipini ya miligramu 5 lakini anameza tu siku kichwa kikimuuma. Wakamtoa damu wakafanya hemogramu nzima, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kwenye karatasi PLT imeandikwa 398 na chini yake MPV 11.9 imewekewa herufi H. Jirani akamwambia Mama kwamba chumvi ndiyo imefanya damu yake ikawa nzito na chembe zinashikana, kwa hivyo anunue aspirini ameze kila siku. Kijana anauliza, ni kweli chumvi inafanya chembe zishikane? Akipunguza zitatulia? Na hiyo aspirini ampe?

Ndugu yangu, pole kwa wasiwasi, na asante sana kwa kuandika namba, juu wengi huniambia tu "presha iko juu" na nabaki nakisia. Mimi nilianza kazi maabara kabla sijarudi chuo nikawa klinikal ofisa, kwa hivyo hizo chembe nimeziangalia kwa darubini miaka mingi na wagonjwa wa presha nimekaa nao mingi vilevile. Nikujibu moja kwa moja halafu nieleze: aspirini usimpe sasa. Ile karatasi haisemi kitu jirani anafikiri inasema. Na chumvi ndio, inahusika, lakini njia yake si hiyo ya kufanya damu iwe nzito kama uji.

Hebu tuangalie hiyo karatasi kwanza. PLT ni zile chembe sahani, pleteleti kama tunavyoziita maabara, vipande vidogo sana vya seli visivyo na kiini, vinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa na kila kimoja kinaishi siku 7 hadi 10 tu halafu kinaondolewa. 398 maana yake ni chembe 398,000 kwa kila mikrolita moja ya damu, na kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Kwa hivyo Mama yuko ndani kabisa ya kawaida, hakuna wingi hapo. MPV nayo ni ukubwa wa chembe kwa wastani, na hiyo H mimi singeiogopa kabla sijauliza swali moja: damu ilitolewa saa ngapi na mashine ikaipima saa ngapi? Nauliza juu damu ya hemogramu inawekwa kwenye kachupa kenye kifuniko cha zambarau, ndani kuna dawa inaitwa EDTA ya kuzuia isigande, na chembe sahani zikikaa ndani ya hiyo dawa zinavimba pole pole. Kama damu ilitolewa Bondo asubuhi, ikangoja wenzake, ikapanda gari, ikapimwa saa nane mchana, MPV itapanda yenyewe na Mama hana kosa lolote.

Na kuna kitu kingine cha hiyo kachupa nataka ukijue. Siku moja nikiwa bado maabara mashine ilitoa PLT 62 ya mama mmoja aliyekuwa anajiandaa kwa upasuaji, kila mtu akashtuka, watu wameanza kuulizia damu ya kuongezewa. Nikachukua tone nikalivuta kwenye kioo, nikapaka rangi, nikaangalia pale ukingoni ambapo damu inaisha, na hizo hapo: chembe zimejirundika mafungu mafungu kama omena kwenye wavu, mashine ilikuwa inahesabu fungu zima kama kitu kimoja au inaliruka kabisa. Tukamtoa damu nyingine kwenye kachupa ka bluu kenye sitreti, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ikatoka zaidi ya 200. Yule mama hakuwa na ugonjwa wowote wa damu, ni EDTA tu ilikuwa inafanya chembe zake zishikane ndani ya chupa. Kwa hivyo mtu akisema "chembe zinashikana" mimi huuliza, zinashikana wapi, ndani ya chupa au ndani ya mtu? Hayo mambo mawili hayahusiani.

Halafu kuhesabu chembe na kujua kama zina hasira ni vitu viwili. Fikiria stage ya boda pale Kondele. Ukipita ukahesabu pikipiki ukapata arobaini, hujajua kitu kuhusu vile hao vijana wameamka. Wanaweza kuwa arobaini na wametulia wanapiga stori, au wakawa kumi tu lakini mmoja wao amegongwa sasa hivi, wanapigiana honi na kila anayesikia anakuja mbio. Chembe sahani ziko hivyo hivyo. Hemogramu inahesabu pikipiki. Ili ujue hasira inabidi damu ichukuliwe kwa namna yake, ipimwe ikiwa bado mbichi, utie kitu cha kuzichokoza kama ADP au kolajeni au adrenalini halafu uangalie kwa mwanga vile zinashikana, njia ambayo mwanasayansi Gustav Born aliitoa London mwaka 1962. Hicho si kipimo cha kila siku, na hata kingekuwepo jirani na kwa bei rahisi nisingemtuma Mama, juu majibu yake hayangebadilisha matibabu yake hata kidogo.

Sasa chumvi. Hii ya damu nzito niiseme wazi juu imesambaa sana. Ukila chumvi nyingi, sodiamu inaingia kwenye damu na mwili haukubali ikolee, kwa hivyo unasikia kiu, unakunywa, na figo zinashikilia maji mpaka kiwango kirudi kwenye ule mstari wake wa 135 hadi 145. Kwa maneno mengine chumvi inavuta maji ndani ya mishipa. Kama ni hesabu ya uzito tu, hiyo ni kuongezea maji, si kukausha. Shida ni kwamba sasa kuna maji mengi kuliko bomba lilivyozoea, na figo ambazo hazitoi sodiamu haraka zinalazimisha presha ipande ndio ziweze kuisukuma nje. Watu ambao presha yao inafuata chumvi hivi wako kila mahali duniani lakini wamekuwa wengi zaidi kati ya watu weusi na kati ya watu wa umri wa Mama, na huyu Mama ana yote mawili.

Chembe sahani zinaingiaje hapo? Ndani ya mshipa, chembe nyekundu ndizo kubwa na nyingi, zinapita katikati, na zile sahani ndogo zinasukumwa pembeni, zinakimbia zikigusana na ukuta. Huo ukuta si bomba la plastiki, una ngozi laini yenye uhai ambayo kila sekunde inatoa vitu viwili, naitriki oksaidi na prostasaiklini, na kazi yao ni kuziambia zile sahani ziendelee na safari, hapa hakuna ajali. Ukuta ukiwa mzima zinasikia na kupita. Ukuta ukichubuka, kolajeni ya chini ikatokea, chembe ya kwanza inanasa, inaacha umbo la sahani inatoa mikono kama buibui, kalisiamu inajaa ndani yake, inamwaga ADP na thromboksani, na hizo ndizo honi, zile zingine zinakuja. Ukikatwa na kisu hiyo ni baraka. Ikitokea kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu ubongoni, hicho ndicho kiharusi.

Chumvi nyingi inachokoza haya mambo kutoka pande kadhaa. Presha ya juu yenyewe inausugua ukuta kila pigo la moyo, usiku na mchana, miaka. Pale mshipa umeanza kuwa mwembamba damu inapita kwa kasi na huo msuguano peke yake unaweza kuziamsha sahani hata bila kidonda. Na kuna jambo limeonekana hata kwa watu ambao presha yao haijapanda: wakilishwa chumvi nyingi kwa siku chache, ile ngozi ya ndani inapunguza kazi ya naitriki oksaidi, mshipa haufunguki vizuri kama kawaida. Yaani yule mtu wa kuwatuliza vijana wa boda amepoteza sauti. Ndio maana nasema chumvi inachokoza, haigandishi. Ukitia chumvi ya jikoni kwenye damu kwa kachupa huwezi kuona chembe zikishikana vile jirani anafikiri, shida yote inapitia kwa ukuta na presha.

Kuna hadithi ya utafiti naipenda hapa. Chembe sahani zina mitambo inafanana kidogo na misuli ya mishipa, zina milango ya adrenalini, zinatumia kalisiamu kujikaza, na uzuri wake unazipata kwa sindano tu mkononi, mshipa huwezi kumkata mtu uuchunguze. Kwa hivyo wanasayansi walianza kuzitumia kama dirisha. Mwaka 1984 kundi la Basel kule Uswisi lilionyesha kwamba kalisiamu ndani ya chembe sahani za watu wenye presha iko juu kuliko ya watu wasio na presha, na kadiri presha inavyopanda ndivyo kalisiamu inavyopanda, halafu wagonjwa wakipewa dawa presha ikashuka, kalisiamu nayo ikashuka. Hapo ukielewa umeelewa kitu kikubwa: chembe za mtu wa presha zinaishi zikiwa zimekaza kidogo, karibu na kufyatuka, na kinachozilegeza ni kushusha presha.

Je, kupunguza chumvi peke yake kunazituliza moja kwa moja? Watu walijaribu sana kupima hiyo, wanampa mtu chumvi nyingi wiki moja, chumvi kidogo wiki nyingine, wanachukua damu, na majibu hayakukubaliana, wengine wakaona tofauti wengine hawakuona. Mimi naona sababu moja iko wazi. Ukimkatia mtu chumvi ghafla karibu yote, mwili unashtuka, renini ile figo hutoa kupandisha presha inapanda, adrenalini inapanda, na adrenalini ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha chembe sahani. Kwa hivyo kwa mkono mmoja umetuliza na kwa mwingine umechokoza. Usimfanyie Mama hivyo, usiende Bondo Jumamosi ukatupa pakiti ya chumvi kwa shimo ukasema kuanzia leo mboga ni chapwa. Punguza hatua kwa hatua, wiki tatu nne hivi, na ulimi utafuata, watu wakizoea wanashangaa wenyewe vile chakula cha zamani kilikuwa kikali.

Na kipimo cha mwisho kabisa si chembe kwenye kachupa, ni kama watu wanapata kiharusi au hawapati. Hapo jibu liko wazi. Mwaka 2021 China walimaliza utafiti mkubwa kwenye vijiji 600, watu karibu 21,000 ambao ama walishapata kiharusi ama walikuwa na miaka 60 na zaidi wakiwa na presha, yaani watu kama Mama kabisa. Nusu ya vijiji wakaendelea na chumvi ya kawaida, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake imetolewa ikawekwa kloridi ya potasiamu. Kwa karibu miaka mitano viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Kubadilisha tu kile kilicho kwenye kopo la chumvi! Mimi nikisoma hiyo nilikaa kimya kidogo nikifikiria wale wote niliowaona wameletwa wameinamia upande mmoja.

Na usifikiri ni mambo ya mbali. Kuna utafiti ulifanywa kwa watu wetu wenyewe wa huku ziwani, ulichapishwa mwaka 1990, wakafuata Wajaluo waliotoka vijijini upande wa kaskazini wa ziwa wakahamia Nairobi kutafuta kazi, wakawalinganisha na wale waliobaki nyumbani. Haikuchukua miaka. Ndani ya miezi tu presha za waliohama zilikuwa juu ya wenzao, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi na potasiamu kidogo. Watu ni wale wale, damu ile ile, sahani tu za chakula zilibadilika, pamoja na uzito na mbio za mji. Hiyo ni kabla ya 1990. Leo hizo sahani za Nairobi ziko Bondo pia, mkate uko, mchuzi mix iko, smoki ziko kando ya barabara.

Ulisema Mama "haongezi chumvi mezani" na ninaamini kabisa, karibu kila mtu huniambia hivyo na ni ukweli. Chumvi yetu haiko mezani, iko sufuriani. Juzi nilisimama jikoni na dadangu akipika samaki, nikahesabu bila kumwambia. Ngege imepakwa chumvi kabla ya kukaangwa, nzuri, ngozi ikauke. Ikakaangwa. Akakata nyanya na vitunguu, akatia chumvi ndio nyanya zilainike haraka. Halafu akafungua mchuzi mix, kijiko kizima, na hiyo unga sehemu kubwa yake ni chumvi. Akaonja, akasema bado haijakolea, akanyunyiza tena kidogo. Mara nne kwa samaki mmoja, na mezani hakuna aliyegusa kopo. Ugali nao ulikuwa bila chumvi kama kawaida yetu, hapo tuna bahati, na hapo ndipo wengi wanadanganyika wakifikiri chakula chao hakina chumvi.

Kuna hesabu rahisi nafanya na wagonjwa na naomba ufanye ukienda. Uliza mke wa ndugu yako, pakiti ya nusu kilo ya chumvi inaisha baada ya siku ngapi? Nyumba ina watu wanne. Gramu 500 kugawa kwa wanne ni 125 kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, hicho ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, kwa hivyo hiyo pakiti ingefaa ikae siku 25 na zaidi. Ikiisha kwa wiki mbili, kila mtu amekula karibu gramu 9 kwa siku, na wajukuu wanakula kidogo kwa hivyo Mama amekula zaidi ya hiyo, na hatujahesabu mkate wala mchuzi mix wala magadi. Inawezekana nyingine ilimwagwa na maji ya kuchemshia, sawa, lakini utaona picha.

Magadi nayo niiguse juu huku kwetu mrenda bila magadi wengi hawaijui. Magadi si chumvi ya mezani lakini ni sodiamu pia, sawa na ile soda ya kuokea na zile unga za tumbo zinazotoa povu ambazo wazee wanakunywa kila jioni. Mtu anaacha chumvi kabisa halafu kila siku anakunywa dawa ya kiungulia yenye sodiamu, na anashangaa presha haishuki. Ile musherekha ya majivu ambayo Waluhya wanachuja ni tofauti, majivu ya mimea yana potasiamu nyingi, lakini nguvu yake haipimiki kwa hivyo kidogo tu. Na osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mrenda), maharagwe, ndizi, viazi vitamu, hizo zina potasiamu yake zenyewe, apike na maziwa na ndimu na dania, Mama wa Bondo hahitaji kufundishwa na mimi kupika alot, hizo mboga za majani, ikawa tamu. Zile chumvi zenye potasiamu zinazouzwa supamaketi ni nzuri kama za China, lakini USIMNUNULIE kabla hajapimwa figo na kabla hujajua dawa zake zote, juu figo zikiwa dhaifu au akiwa anameza enalaprili, losartani au spironolaktoni potasiamu inaweza kupanda mpaka moyo usimame.

Sasa turudi aspirini, na hapa naongea kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita aliletwa kwangu mzee muuza samaki, kichwa kinamuuma tangu usiku, anatapika, presha 210/120. Alikuwa ameacha dawa za presha kitambo kwa sababu rafiki alimwambia aspirini "inafanya damu iwe nyepesi" na hiyo inatosha. Alikuwa anaimeza kila siku bila kukosa, mtu mwenye nidhamu kabisa. Picha ya kichwa ikaonyesha damu imevuja ndani ya ubongo. Hakurudi nyumbani. Aspirini haikupasua huo mshipa, presha ndiyo iliupasua, lakini chembe ambazo zingekuja kuziba zilikuwa zimefungwa midomo. Ndivyo aspirini inafanya kazi: mwanasayansi John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba inazuia vitu vya jamii ya prostaglandini, na kwenye chembe sahani inazima ule mtambo wa thromboksani kabisa, na kwa vile chembe haina kiini haiwezi kutengeneza mwingine, itabaki hivyo mpaka ife, siku 7 hadi 10. Kidonge kimoja kidogo. Haishushi presha hata milimita moja.

Ilipimwa kwa watu wa presha, si kwamba hatujui. Utafiti wa HOT wa mwaka 1998 ulikuwa na wagonjwa 18,790 kutoka nchi 26, na angalia hii, presha zao zilikuwa zinashushwa kwa dawa wakati huo huo. Waliopewa aspirini miligramu 75 mashambulio ya moyo yalipungua kwa zaidi ya theluthi, lakini kiharusi hakikupungua, na kuvuja damu kwingi kukawa karibu mara mbili. Hiyo ni kwa watu presha imetulia. Mama ana 168. Aspirini ni dawa nzuri kwa mtu aliyeshapata shambulio la moyo, au kiharusi ambacho picha imeonyesha ni cha kuganda na si cha kuvuja, na inapewa na daktari anayemfuata. Kwa mama wa miaka 61 ambaye hajapata lolote na presha iko juu hivyo, hapana. Na ikitokea siku mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno yamechanganyika, kimbia hospitali saa hiyo hiyo, usimpe aspirini njiani, kwa macho hakuna anayeweza kujua ni kuganda au kuvuja.

Dawa yake tayari anayo. Amlodipini ni chaguo zuri kwa watu wetu, utafiti wa CREOLE wa 2019 uliofanywa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba michanganyiko iliyokuwa na amlodipini ilishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Lakini amlodipini inapanda pole pole mwilini, inachukua kama wiki nzima kufika kiwango chake, kwa hivyo kuimeza siku kichwa kinauma ni sawa na kutoinywa. Kichwa kikitulia ni mambo mengine. Tena presha ya wengi haiumi kichwa kabisa. Muulize kwa upole kwa nini aliacha, usimgombeze, juu mara nyingi nikiuliza naambiwa miguu ilivimba na mtu akaogopa. Kama ni hivyo arudi kliniki, kuna kupunguza dozi, kuna kuongeza dawa ya pili kama ile ya kukojoza inayosaidia hasa kutoa sodiamu, hakuna haja ya kuteseka wala kuacha.

Na muulize kama kuna dawa ya magoti. Wamama wengi wa umri huo wanameza diklofenaki au brufeni kila siku wakitoka shamba, wananunua kemisti bila kusema kwa daktari. Hizo dawa zinafanya figo zishikilie sodiamu, presha inapanda hata kama chumvi imepungua na amlodipini imemezwa, na zikichanganywa na aspirini tumbo linaweza kuvuja damu. Kwa maumivu ya magoti parasetamoli kwanza, halafu amwambie klinikal ofisa wake.

Ukifika Bondo, mwache akae kwa kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, pima asubuhi kabla ya dawa na jioni, mara mbili kila wakati, siku 7, uandike yote kwa daftari pamoja na siku pakiti ya chumvi ilifunguliwa. Amlodipini kila siku saa ile ile. Baada ya wiki nne rudia hiyo wiki ya kupima kwa mkono ule ule, na hiyo daftari ndiyo apeleke kliniki. Hemogramu haina haja kurudiwa.